Kinachobaki Baada ya Mizani

Basi la Chato lilitoka stendi ya Nyegezi, Mwanza, likiwa na watu wengi kuliko viti. Mimi nilipata dirishani, jirani na mzee mmoja mwenye kofia ya pama na mfuko wa mbegu za mahindi magotini.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwanangu. Unashukia wapi?"

Nilipomwambia Chato, na kwamba sijawahi kufika, alitaka kujua kama nina msiba huko au nina biashara. Nikasema sina lolote kati ya hayo, nakwenda kuona watu wa huko wanavyotafuta. Akacheka. "Basi huna haja ya kufika mbali. Ndani ya basi hili wote tunatafuta."

Nimekulia upande wa Shinyanga, ambako ukitaja madini mtu anawaza kwanza uzio. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson, na tangu hapo mgodi umekuwa ndani na sisi nje. Anayeingia usiku kuchekecha mchanga tunamwita mbeshi, na akikamatwa hana la kujitetea. Kuhusu ukanda wa dhahabu nilikuwa nimesikia habari tofauti: kwamba huko mzawa ana duara lake la kuchimbia, karasha lake la kusagia mawe na leseni yenye jina lake. Nilitaka kuona leseni hiyo inamlisha nani.

Kutoka Usagara barabara inashuka hadi Kigongo. Zamani safari ilikuwa inasimama hapa, magari kwenye foleni ya kivuko, watu wamekaa kivulini wakihesabu saa. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la John Pombe Magufuli, refu kwa kilomita 3, na tulifika Busisi kabla kondakta hajamaliza kudai nauli. Abiria walitoa simu wakapiga picha. Mzee alinionyesha kwa kidevu ng'ambo tuliyotoka, walipokuwa wakikaa kina mama wa samaki wa kukaanga. "Foleni ndiyo ilikuwa duka lao," alisema. "Mwenye gari kapona, mwenye karai kaumia." Katika hotuba zote nilizosikia kuhusu daraja lile, hakuna aliyemtaja mwenye karai.

Baada ya Sengerema maneno yaligeukia pamba. Mzee anatoka Kasamwa, mashariki ya mji wa Geita, na kwa watu wa umri wake Kasamwa ni kinu cha pamba. Baba yake alilima enzi za mkoloni, wakati ununuzi na uchambuaji ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiasia. Bei ilipangwa na serikali, kwa hiyo ugomvi ukahamia kwenye mizani. Mkulima anafikisha mzigo aliouchuma na mke na watoto. Mnunuzi anaupima mwenyewe, anauandika mwenyewe, analipa mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walianza kuweka wapimaji wao, pamba ipimwe kwanza kabla haijafika kwa mnunuzi. Paul Bomani, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, alizunguka vijijini kuviunganisha vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama hivyo, VFCU, ambao baada ya miaka michache ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa zaidi vya ushirika vya Waafrika barani. Miongoni mwa viwanda vyake vya mwanzo vya kuchambua pamba ni hicho cha Kasamwa.

Habari ya mizani nilikuwa nimeisoma. Mzee alinipa ile ambayo sikuisoma, ya mbegu. Pamba ikichambuliwa, nyuzi ni kama theluthi moja tu ya uzito. Inayobaki, karibu yote, ni mbegu. Mbegu inakamuliwa mafuta, na mashudu yanalishwa ng'ombe. Mkulima akishalipwa kilo zake, mbegu ni mali ya mwenye kinu.

"Wapimaji walituondolea wizi," alisema. "Lakini mtu asiyekuibia bado anaweza kuondoka na mbegu zako. Kinu chetu wenyewe ndicho kilichotupa mbegu."

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, kisha ikavirudisha kwa sheria ya 1982. Nilipomuuliza kuhusu miaka hiyo, mzee alisema tu kwamba kitu chako kikichukuliwa na kurudishwa, hurudi kimechakaa. Akashuka Kasamwa na mfuko wake.

Geita nilikaa nikitembea. Mji umekua haraka, na upande mmoja wake uko mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000 na sasa ni wa AngloGold Ashanti. Kabla yake palikuwa na mgodi mwingine, wa chini kwa chini, uliofungwa mwaka 1966. Habari ya mgodi mkubwa inajulikana na sitaikalia. Lililonishika ni mawe yake ya taka, magwangala. Kampuni huyahesabu kuwa hayana faida ya kusagwa. Wananchi wameyadai miaka mingi, na katika utawala wa Magufuli dai lao lilifika hadi meza ya Rais. Mtu wa mbali angeuliza kwa nini watu wagombee takataka. Kijana wa bodaboda aliyenizungusha alinijibu bila kuulizwa: "Kwao ni taka, kwa sababu wao wanahesabu kwa tani. Mimi nahesabu kwa familia."

Soko la dhahabu la Geita lilizinduliwa Machi 2019, wiki chache baada ya sheria kubadilishwa na wachimbaji wadogo kuondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 pamoja na kodi ya zuio ya asilimia 5. Muuzaji anakaa na mnunuzi meza moja, dhahabu inapimwa uzito na usafi mbele ya afisa wa serikali, mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 vinakatwa palepale. Wachimbaji niliozungumza nao wanalisifu, na nawaamini: zamani broka aliikunja dhahabu kwenye karatasi, akakupa bei aliyoamka nayo. Kwa hesabu ya mzee wa Kasamwa, basi, wachimbaji wameshapata wapimaji wao. Swali likawa mbegu iko wapi.

Nililipata jibu Buseresere. Katoro na Buseresere ni mji mmoja wenye majina mawili. Mpaka wa wilaya za Geita na Chato unapita katikati, na usipoambiwa hujui umevuka. Maduka ya vifaa vya ujenzi yanafuatana na ya mitumba, ya pampu za maji, ya matairi. Nyuma ya barabara kuna ngurumo mchana kutwa, nayo ni makarasha yakisaga mawe.

Mwenyeji wangu hapo alikuwa mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Mama Mkubwa. Alianza kwa kupika. Wachimbaji wa duara wanaweza kushuka miezi bila kukutana na jiwe lenye kitu, na muda huo wote wanakula. Yeye aliwakopesha ugali na maharage, nao wakikuta mwamba wenye dhahabu walimlipa kwa mifuko ya mawe. Mifuko aliipeleka kusagwa kwenye karasha la mtu, na hapo ndipo alipofumbuka macho.

Mgao wa duara alilolijua ulikuwa hivi: asilimia 30 ya mawe ni ya mwenye leseni, gharama za chakula, baruti na matimba zinatolewa, kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye duara na vijana wanaoshuka. Kila mmoja anakwenda kusaga fungu lake, anaosha, anakamatisha kwa zebaki, anachoma, anaondoka na kipande chake kwenda sokoni. Lakini zebaki haikamati yote. Mara nyingi hata nusu haifiki. Dhahabu nyingine inabaki kwenye tope, marudio, na kwa desturi ya hapa marudio ni ya mwenye karasha. Yanalundikwa, yanauzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua kwa sayanaidi, na huko ndiko inakotoka dhahabu ambayo kijana wa duara hakuwahi kuiona.

"Kijana anafurahi kwamba nimemsagia kwa bei ndogo," Mama Mkubwa, sasa naye mwenye karasha, alisema, na hakuona haya. "Mimi sitaki hela yake ya kusaga. Nataka tope lake."

Sheria inasema leseni ndogo ya uchimbaji hupewa Mtanzania peke yake, eneo lisilozidi hekta 10, kwa miaka 7. Ni ulinzi mzuri, lakini unalinda shimo tu. Mtambo wa kuchenjua ni mtaji wa aina nyingine. Mwenye fedha za mbali hahitaji kuingia kwenye leseni ya mtu ikiwa anaweza kusubiri tope mlangoni. Kanuni za mwaka 2018 za kushirikisha Watanzania katika madini nazo, ambazo mwanzoni zilitaka kampuni ya mzawa iwe na asilimia 51 za Watanzania, mwaka uliofuata zilishushwa hadi asilimia 20. Nimeona kwingine asilimia kama hizo zikigeuka kuwa jina la shemeji kwenye karatasi. Mama Mkubwa hana karatasi ya namna hiyo, ana makarasha mawili na lundo la tope lililofunikwa turubai, na kwangu mimi yeye ndiye mjasiriamali mzawa kuliko wengi wanaoitwa hivyo kwenye semina. Hata hivyo, wale vijana nao ni wazawa.

Kutoka Bwanga barabara inapinda kuelekea ziwani, na Chato inaanza kujitangaza mapema. Hapa ndipo kwao Magufuli na hapa ndipo alipozikwa Machi 2021. Nilikuta vile ambavyo kila Mtanzania ameshavisikia: uwanja wa ndege, hospitali kubwa ya kanda, taa za kuongozea magari zikibadilika rangi mbele ya baiskeli. Ubishi kama mji huu ulistahili vyote hivyo nimeusikia tangu Dar es Salaam na sikuja kuumaliza. Niseme tu kwamba hospitali ilikuwa na foleni ndefu ya watu waliotoka wilaya nyingine.

Mimi nilishuka mwaloni. Asubuhi ile mitumbwi ya sangara ilikuwa imeingia, na gari la barafu la wakala wa kiwanda lilikuwa linasubiri. Samaki wanapimwa mzimamzima, na mizani ni ya kuaminika. Mvuvi mwenyewe anaisoma. Ndani ya kila sangara kuna bondo, kibofu cha hewa ambacho kikikaushwa husafirishwa hadi China na bei ya kilo yake inaiacha mbali bei ya kilo ya samaki. Bondo linaondoka ndani ya samaki kwa bei ya samaki. Baadaye kiwanda kikishachukua minofu, mifupa na vichwa vinarudi mtaani kwa jina la mapanki, tunauziwa. Yaani katika mabaki ya sangara, yale ya thamani huenda na yale ya supu hurejea.

Wapo walioliona hilo kabla yangu. Pembeni ya mwalo, chini ya bati, kina mama wa kikundi kimoja walikuwa wakipasua sangara waliokataliwa na gari, waliolegea au wadogo kuliko kipimo cha wakala. Nyama wanaitia chumvi na kuianika iwe kayabo, ambayo soko lake kubwa ni Kongo. Bondo la samaki aliyekataliwa ni lao. Waliyatundika mabondo kwenye waya, meupe, kila moja likiwa na alama ya kalamu kuonyesha ni la nani.

Siku hiyo walikuwa wanajaza fomu ya mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya madudu kuibuliwa na mkaguzi, ukarudishwa mwaka 2024 kwa masharti mapya. Katibu wao, binti mwenye mwandiko mzuri, alikuwa amefika kwenye mstari wa mradi na kuandika "kununua na kuuza samaki". Mwenyekiti akamkatalia.

"Futa. Samaki kila mtu anauza. Andika mabondo."

Mwenzake akahofia: biashara ya mabondo inahitaji leseni yake, na afisa akiliona neno hilo atauliza leseni kabla ya kuuliza kitu kingine. Afadhali kayabo, inaeleweka. Mwingine akasema kama ni kayabo peke yake, marejesho ya kila mwezi hawayawezi, maana faida ya kayabo inaishia kwenye chumvi na nauli. Walibishana hadi wakanigeukia mgeni, na mimi nikawaambia leseni iombwe sawia na mkopo, gharama yake iingizwe humohumo kwenye fomu. Mwenyekiti hakusubiri nimalize.

"Andika yote mawili, mwanangu, kayabo na bondo, na leseni chini yake," alimwambia katibu. "Ila bei ya bondo usiijaze kwa wino. Tumia penseli, maana itakuwa imeshabadilika kabla hawajatusainia."