Karatasi ya Mtoto

Utoto wangu hauna jambo kubwa la kusimulia. Nilisoma, nilipenda kuchora, nikawa mwalimu wa sanaa, na likizo nyingi za Juni na Desemba katika miaka yangu ya kazi nilizimalizia kwenye kambi za sanaa za watoto, Dar es Salaam na Bagamoyo. Sasa nimestaafu, na neno kambi lenyewe limehamia kwingine. Mtajie mzazi wa Tanzania leo, atafikiria kwanza kambi ya masomo: watoto wa darasa la saba wamekusanywa shuleni likizo nzima, wanarudia maswali ya mitihani iliyopita. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara yake ya 31 inampa mtoto haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki sanaa. Haki hiyo tumeigeuza tuisheni. Jambo hilo linaniuma, lakini lililonifanya niandike ni swali ambalo nimebishana juu yake na wenzangu tangu naanza kazi hadi naiacha: je, mwalimu aruhusiwe kutia mkono wake kwenye mchoro wa mtoto? Nasema hapana. Na kama kuna mahali nilipokomaa katika kazi hii, ni katika kuitii hapana hiyo.

Husemwa kwamba kambi humfundisha mlezi subira. Ni kweli, ila subira mtu huipata hata kwenye foleni. Kambi ina somo lake, nalo ni kumnyang'anya mwalimu silaha zake. Haina mtihani wala muhtasari, haina alama, haina mkaguzi. Darasani mwalimu anaweza kusahihisha michoro sitini jioni moja bila kuutazama hata mmoja, maana anachotafuta ni makosa, na makosa huonekana upesi. Kambini makosa hayana kazi, kwa hiyo analazimika kutazama. Akitazama, ataona nyumba yenye kuta zinazopenywa na macho, kitanda na sufuria vikiwa wazi ndani yake. Ataona mama mrefu kuliko nyumba, na mikono mikubwa kuliko kichwa. Viktor Lowenfeld, aliyehamia Marekani kutoka Austria, alieleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1947, Creative and Mental Growth. Alionyesha kwamba watoto hupita hatua zinazofanana katika kuchora, na kwamba mtoto wa miaka saba au minane huchora anachokijua na kinachomgusa, si kile tu kinachoonekana kwa jicho. Huko Vienna alikuwa amewafundisha watoto wasioona kufinyanga udongo, akaona viungo vinavyobeba hisia vikikuzwa kwenye sanamu zao. Mkono mkubwa wa mama, basi, una maelezo: ndio mkono unaomlisha mtoto, unaomwogesha na unaomchapa. Mwalimu anayeufuta ili "auweke sawa" amefuta sentensi ambayo hakuisoma.

Mtihani wenyewe huja mtoto anapokaribia miaka kumi. Hapo huanza kulinganisha mchoro wake na kitu halisi, akaona pengo, akasema hajui kuchora. Kisha humgeukia mlezi na kumwomba: nichoree. Wenzangu wengi, watu wenye huruma na ujuzi, huchukua penseli. Hoja yao naiheshimu: mtoto amekwama, na kumwacha amekwama si malezi. Lakini tufuate kinachotokea baadaye. Ng'ombe wa mwalimu akishakaa katikati ya karatasi, kila mstari wa mtoto unaomzunguka unaonekana hafifu, naye anapata ushahidi wa kile alichokuwa anakishuku, kwamba hawezi. Msaada upo wa namna nyingine, nao unachosha zaidi. Mpeleke akamwone ng'ombe, au mtafutie picha. Muulize miguu ya mbele inakunjika upande gani, na ya nyuma upande gani. Ikibidi kuonyesha, onyesha kwenye karatasi yako mwenyewe, kisha ikunje uiweke mbali. Maswali hayo humtaka mwalimu awe amewahi kumtazama ng'ombe vizuri, na hapo ndipo wengi wetu tunapogundua kwamba hatujawahi.

Pingamizi lililonisumbua zaidi linatoka nyumbani. Naambiwa kwamba hii ni nadharia ya Wazungu, kwamba kwetu ufundi hurithishwa kwa kushikwa mkono, na mfano unaotolewa daima ni Edward Saidi Tingatinga. Mfano huo naupenda, kwa sababu ukiuchunguza unasimama upande wangu. Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki mwaka 1972. Kwa muda huo mfupi aliacha wanagenzi walioendeleza mtindo ambao leo unabeba jina lake. Walijifunzaje? Walikaa karibu naye, wakatazama, wakapewa kujaza rangi na madoa kwenye kazi zake. Mwanagenzi ndiye aliyetia mkono kwenye ubao wa fundi. Fundi hakuugeuza ubao wa mwanagenzi kuwa wake. Ngoma nayo ni vivyo hivyo. Mpigaji mzoefu hupiga, mtoto hujibu kwenye ngoma yake. Mzoefu anayenyoosha mkono na kupiga ngoma ya mtoto amevunja mazungumzo. Sikatai kuonyesha, wala sikatai kuiga. Ninachokataa ni kuingia kwenye kazi ya mwingine na kuimaliza kwa niaba yake.

Iko mipaka, nami naikubali bila kinyongo. Kisu cha kuchongea hakina falsafa: mtoto akikishika vibaya, namshika mkono. Udongo nao una sheria zake. Chungu chenye ukuta mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine kitapasuka kikikauka, na ni haki mtoto aambiwe hivyo kabla, si baada. Lakini wanaotetea mkono wa mwalimu mara nyingi hawazungumzii kisu wala ufa. Wanazungumzia siku ya mwisho, wazazi wanapokuja. Nimefanya kazi mahali ambapo walezi waliagizwa kurekebisha picha usiku wa kuamkia maonyesho ili mzazi aone thamani ya ada yake. Waliotoa agizo hilo walidhani wanamheshimu mzazi. Walimdanganya, na walimfundisha mtoto, aliyeijua picha yake mstari kwa mstari, kwamba watu wazima wakiwa na wageni huficha kazi za watoto. Mzazi akielezwa kwa nini mkono ni mkubwa, anaelewa. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii, elezeni. Msirekebishe. Maelezo ya dakika tano ukutani yanamheshimu mzazi kuliko picha nzuri ya uongo.

Na kwa vijana hao nina neno jingine. Betty Edwards wa Marekani aliandika mwaka 1979 kwamba watu wazima wengi huchora kama watoto wa miaka kumi au zaidi kidogo, kwa kuwa huo ndio umri walioacha. Walezi wengi wa kambi ni watu wa namna hiyo: wamefika pale kwa kupenda watoto, lakini penseli waliiweka chini kitambo, siku walipojiona hawawezi. Mtoto anaposema "nichoree", anagusa kidonda kilekile, na mlezi hukimbilia kutenda ili asijisikie mdogo. Kwa hiyo hawezi kuuzuia mkono wake kwa amri tu. Sharti kwanza arudi alipoachia. Kama ningepangiwa kutengeneza ratiba ya kambi tena, saa ya kwanza ya kila siku ningewapa walezi peke yao, watoto wakiwa bado hawajafika: karatasi, penseli, na kiatu kimoja juu ya meza, wakichore.