Jina Lililofunikwa na Majani

Ipo picha moja ya mchoraji Mwingereza Arthur Hughes, iliyooneshwa London mwaka 1859 na ambayo sasa ni mali ya jumba la makumbusho la Birmingham. Inaitwa Uchumba wa Muda Mrefu. Kasisi msaidizi amesimama na mchumba wake chini ya mti msituni. Mawaridi ya mwitu yamechanua kando yao. Binti amemshika mikono na kumtazama. Kasisi ameinua macho juu. Mbwa, ambaye wachoraji wa Ulaya humtumia kama ishara ya uaminifu, anamtazama binti.

Tukipita haraka tutasema ni picha ya mapenzi. Lakini tuangalie shina la mti. Limechongwa jina la binti, Amy, na mmea utambaao unalifunika. Maua huchanua kila mwaka bila kumngoja mtu. Hawa wawili bado wako palepale.

Kwa nini? Makasisi wasaidizi wengi wa Uingereza wakati ule walilipwa kidogo mno kuweza kutunza mke na watoto. Aliyewachelewesha hawa ni kanisa lenyewe.

Sisi wahubiri tungeweza kufundisha saburi tu hapa, kwa mfano wa Yakobo aliyemtumikia Labani kwa ajili ya Raheli (Mwanzo 29). Ni fundisho jema. Lakini ni Labani aliyembadilishia bibi arusi, kisha akamtwisha miaka saba mingine ya kazi. Kuna kungoja tunakopewa na Mungu, na kuna kungoja tunakowatwisha wenzetu.

Basi tusikimbilie kuwaambia vijana wavumilie. Wale ambao tangazo lao la ndoa halijasomwa, je, wanamngoja Bwana, au wanangoja mahari tuliyoipandisha na ukumbi tunaoona aibu kuukosa? Mwinjilisti wa mtaa asiyeweza kuoa, je, anapimwa imani, au posho yake imesahaulika katika bajeti ya usharika?

Mmea ule haukumchukia Amy. Ulikua tu, kwa kuwa hakuna aliyeukata. Ndivyo yalivyo mazoea yetu. Yaliyo mikononi mwetu tuyakate leo. Yasiyo mikononi mwetu tumwachie Bwana, ayajuaye majina yetu hata yakifunikwa.