Uteuzi wa Toleo la Flash katika Mazoezi ya Matamshi ya Kiswahili

Mtunzi wa kitabu cha kiada hujiuliza msomaji wake anajua maneno gani. Mtunzi wa mazoezi ya kompyuta, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alilazimika kujiuliza pia mashine ya msomaji huyo inajua nini. Swali hilo lilinikabili mwaka 2004, nilipokuwa nikiandaa mazoezi ya matamshi na ngeli kwa wanafunzi ambao aghalabu waliyafungua katika mikahawa ya intaneti jijini Dar es Salaam.

Nilitumia Flash. Ili mazoezi yaonekane, kivinjari kilihitaji programu-jalizi, yaani programu ndogo iliyochomekwa ndani yake, nayo iliweza kusoma kazi za toleo lake na za matoleo yaliyolitangulia tu. Kampuni ya Macromedia ilikwisha kutoa toleo la 7 (2003), na wenzangu walilipendelea kwa kuwa jipya. Mimi nilitaka kwanza kujua kazi yenyewe inadai nini.

Ilidai machache. Sauti za MP3 ziliwezekana tangu toleo la 4 (1999). Toleo la 5 (2000) lilileta lugha ya ActionScript, iliyotosha kumsahihisha mwanafunzi aliyeandika “kiti nzuri”. Toleo la 6 (2002) liliongeza video na mfumo wa herufi wa Unicode. Huu wa pili ulinishawishi, kwani nilikusudia kuonyesha pia Kiswahili cha hati ya Kiarabu. Lakini kuwa na herufi si kuziunganisha na kuzipanga kutoka kulia. Nikayageuza maandishi hayo kuwa michoro, yakasomeka popote. Hasara iliyoniuma ni nyingine: toleo la 6 liliweza kupokea sauti ya kinasa sauti, na zoezi la matamshi lisilomsikiliza mwanafunzi lina upungufu ulio wazi.

Hata hivyo nilichagua toleo la 5, na si kwa sababu ya uzito wa programu. Megabaiti moja kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde huchukua zaidi ya dakika mbili hata laini ikiwa safi. Muda huo huvumilika, ijapokuwa mteja analipia kila dakika. Kikwazo kilikuwa ruhusa. Katika Windows XP, mtumiaji aliyewekewa mipaka hakuweza kuingiza programu-jalizi mpya. Nywila ilikuwa ya mwenye duka, naye kwa kuhofia virusi hakuitoa. Mwanafunzi aliyetakiwa kupakua toleo jipya (na aghalabu alitakiwa kwa Kiingereza!) aliamrishwa jambo lililo nje ya uwezo wake. Takwimu za Macromedia kuhusu kuenea kwa programu yake zilikuwa za kuvutia, lakini hazikunieleza habari za kompyuta kuukuu za duka moja. Ilinibidi kuzungukia maduka na kujaribu kila mashine niliyoruhusiwa kuigusa.

Adobe, iliyoinunua Macromedia mwaka 2005, iliacha kuihudumia programu-jalizi hiyo tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia kazi za Flash zisifunguke ndani yake. Programu ya Ruffle, inayozifufua kazi hizo bila programu-jalizi ile, ilianza na zile za ActionScript ya zamani. Zile za ActionScript 3, iliyokuja na toleo la 9 mwaka 2006, zilishughulikiwa baadaye. Mazoezi yangu hufunguka humo. Neno “ng'ombe” husikika, na “kiti nzuri” bado hukataliwa.