Dola 60 za fundi na saa ya redio

Katika kambi moja ya waliokimbia vita, upande wa Uvira, mama mmoja huwasha redio yake ya mwanga wa jua mara moja tu kwa siku: saa kumi na mbili na nusu ya mangaribi, wakati redio ya mtaa inaposoma majina ya watoto wanaotafutwa na wazazi. Dakika kumi na tano, kisha anazima ili betri isiishe. Kwa wiki mbili alisikia nyimbo tu. Na siku za joto hata nyimbo zilikwaruza.

Kamati ya redio ikampa fundi dola 60 atafute vipimo.

Sokoni akaonyeshwa kipima-masafa cha bei rahisi, chenye tarakimu nane nyekundu. Kinapendeza macho. Lakini ndani yake mna kwarzi ya kawaida, ambayo inaweza kukosea sehemu 20 kwa kila milioni. Kwenye megahezi 100 kosa hilo ni hezi 2 000, sawasawa na upotovu wote ambao kanuni za kimataifa zinauruhusu kwa mtambo wa FM. Ukipima kwa chombo hicho hujui nani amepotoka, mtambo au kipimo. Akakirudisha mezani.

Alichonunua ni kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, chenye kwarzi inayojirekebisha kwa joto, kosa lake kama sehemu moja kwa milioni. Hapo kosa linabaki hezi 100. Akaongeza kipande cha GPS, kwa sababu setilaiti zile hubeba saa za atomu, na mapigo yake ya kila sekunde yanashika wakati kuliko saa yoyote ya mkononi. Vyote viwili havikumaliza dola 60.

Kipokezi hakukiunga na mtambo kwa waya. Nguvu ya mtambo ingekiunguza mara moja. Aliweka kiwaya kifupi tu mezani, akaacha vyombo vipate moto nusu saa, ndipo akaandika. Asubuhi mtambo ulikuwa mahali pake. Kufikia alasiri umesogea kilohezi 40! Akafungua kifuniko: feni imejaa vumbi, haizunguki.

Kuhusu saa, aibu kidogo. Kwarzi ya kompyuta ikikosea sehemu 20 kwa milioni, inapoteza chini ya sekunde mbili kwa siku. Haiwezi kupoteza saa nzima. Lakini saa ya GPS ilipowekwa kando ya saa ya kompyuta, tofauti ilikuwa saa moja kamili. Mtu fulani alipotengeneza kompyuta ile alichagua saa ya Kinshasa, na mashariki tuko saa moja mbele. Majina yalikuwa yakisomwa saa moja na nusu ya usiku, redio za kambini zimekwisha kuzimwa. Kosa hilo lilirekebishwa bila franka hata moja.

Kipande cha GPS hakikuona setilaiti chini ya mabati, kwa hiyo antena yake sasa iko juu ya mwanzi nje ya studio. Feni imesafishwa, mtambo unasogea kilohezi tatu tu. Bado ni nyingi kuliko ruhusa, na sehemu ya kuushikilia mahali pamoja inauzwa bei nyingine. Kamati inakusanya. Mama yule anaendelea kuwasha redio saa kumi na mbili na nusu.