Pumzi Ina Kipimo Chake

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia pumzi tusiyoihesabu mpaka siku inapopungua.

Mwaka jana muadhini wa msikiti wetu aliambiwa kwamba uvimbe uliokuwa katika pafu lake la kulia hauna budi kuondolewa kwa upasuaji. Mzee aliridhia, aliyekataa ni mwanawe mkubwa. Tulipokwenda pamoja na wajumbe wawili wa kamati kumnasihi, alitujibu kwa utulivu: "Ustadhi, si wewe uliyesema msibani kwamba anayewekewa mashine ya kupumulia harudi?"

Ni kweli tulisema. Tulisema kwa kudhani, mbele ya watu waliotuamini kwa sababu tumesoma chuo. Lakini elimu ya fiqhi haikutupa elimu ya mapafu. Aibu ile ndiyo iliyotufanya tufuatane na kijana huyo hospitalini kumwona daktari wa usingizi.

Daktari hakuidharau hofu yetu. Alisema mashine inaweza kweli kudhuru endapo itapuliza kupita kiasi. Ndani ya pafu mna vifuko vidogo mno vya hewa. Vikitanuliwa kupita uwezo wake hujeruhika. Na vikiachwa vijifunge kila pumzi inapotoka, kule kufunguka na kujifunga mara kwa mara huviumiza pia. Katika upasuaji wa kifua jambo huwa zito zaidi, kwani mgonjwa huingizwa mpira wenye njia mbili, ili pafu linalopasuliwa lipumzishwe na lile jingine libebe kazi peke yake.

Zamani, alitueleza, pafu hilo moja lilipewa pumzi ileile ya mapafu mawili: mililita 10 au zaidi kwa kila kilo. Siku hizi hupewa 4 hadi 6, na huachiwa shinikizo dogo mwisho wa kila pumzi ili vifuko visijifunge. Njia hii ilipata nguvu kutokana na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000, uliohusu wagonjwa mahututi 861 ambao mapafu yao yalikuwa yamejeruhika. Katika waliopewa pumzi ndogo walifariki asilimia 31. Katika waliopewa pumzi kubwa, karibu asilimia 40.

Kijana akauliza ni kilo zipi zinazohesabiwa, maana baba yake ana kilo 92. Daktari akatabasamu: "Mapafu hayanenepi." Hesabu hufuata urefu wa mtu. Mzee ana sentimita 170, basi kwake huhesabiwa kilo 66, na pumzi moja ikawa mililita 330 hivi. Lau angepimwa kwa mizani na kwa desturi ya zamani, angepulizwa zaidi ya mililita 900.

Tulinyamaza. Tumefundishwa kuepuka israfu hata katika maji ya udhu. Hatukuwahi kufikiri kwamba pumzi nayo ina israfu yake.

Kijana akatia saini. Mzee naye akafundishwa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, ili baada ya upasuaji makohozi yasimzibe, na akaambiwa atainuliwa kitandani mapema.

Ijumaa iliyofuata tulisimama baada ya sala, tukaifuta kauli yetu mbele ya jamaa. Hatukusema kwamba mashine haina hatari, wala kwamba kila anayewekewa hurudi. Ajali ya mja iko kwa Mola wake. Tulisema kwamba kukataa tiba kwa uvumi si kutawakali. Familia na imwulize daktari: pumzi ya mgonjwa wetu itapimwaje, maumivu yake yatatulizwaje, ataanza lini kutembea? Na mvutaji sigara aiache mapema, kabla ya siku ya kisu.

Miezi mitatu baadaye Mzee aliadhini Alasiri. Sauti imepungua, na baina ya tamko na tamko husita akitafuta pumzi. Mwanawe alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuna aliyeona kwamba adhana ile imekuwa ndefu.

Wabillahi tawfiq.