Ngonjera na kigugumizi changu

Nimepotea wiki mbili hapa, mnisamehe, majaribio yalitubana kweli kweli.

Leo nina langu la moyoni. Mnaonifahamu mnajua nina kigugumizi. Kwenye semina nakaa nyuma kabisa, na zamu ya kuwasilisha kazi ya kundi ikifika koo "linaniuma". Halafu mtu huyo huyo anasomea ualimu! Mwaka jana kwenye mafunzo kwa vitendo, "m" ilinigomea mbele ya kidato cha pili. Mtoto mmoja akanimalizia neno, darasa zima kicheko. Usiku ule niliandika barua ya kuomba kuhama kozi.

Sikuipeleka. Muhula huu tukafika kwenye ushairi, tukamsoma Mathias Mnyampala. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ndiye aliyezivalia njuga ngonjera, mashairi ya kujibizana jukwaani. Alifariki 1969, vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vikatoka 1970 na 1971. Nani kati yetu hakughani ngonjera shule ya msingi mbele ya mgeni rasmi?

Kundi letu likatunga yetu, mwalimu na mwanafunzi mtoro wanabishana. Aliyekuwa mwalimu akashikwa na malaria siku tatu kabla. Wakanitazama mimi.

Nilifanya mazoezi usiku kwenye korido ya hosteli. Mizani nane, pumzi, mizani nane. Sikukwama hata mara moja! Neno linalofuata nalijua, na mahadhi yananivuta kulifikia. Siku yenyewe nikamgombeza yule mtoro kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Ukumbi ukapiga makofi.

Kisha mhadhiri akaniuliza swali, nijibu kwa maneno ya kawaida. "M" ikagoma tena. Zamani ningekaa chini. Safari hii nikavuta pumzi ileile ya korido, nikasubiri, watu wakasubiri, neno likatoka.

Kwa hiyo wadau, kigugumizi kipo palepale, msije mkasema nimepona. Kilichoondoka ni ule woga wa kusikika nacho. Barua ninayo bado, nyuma yake nimeandika beti za kuanzia kipindi changu cha kwanza nikirudi shuleni kufundisha. Wakicheka, tutaghani wote.

Niombeeni. Tuonane kesho kantini!