Kula katika inchi ya Wauzbeki

Inchi ya Uzbekistani iko mbali sana na sisi, katikati ya Asia, na bahari kuu haiifikii. Lakini watu wa migodi wangejisikia upesi kama wako kwao. Kuko muji unaoitwa Almalyk ambao unaishi kwa shaba kama sisi, na kule jangwani kuko shimo la zahabu la Muruntau, moja la yale makubwa kupita yote duniani. Safari ya kazi ilinipitisha kule, nikakaa siku sita, Tashkent na Samarkand. Mugodi sikuuona hata mumoja. Niliona meza zao, na njo hizo nataka kuwaelezea.

Chakula chao kikubwa kinaitwa osh, ao palov. Neno ni lile lile pilau la watu wa pwani. Mwaka 2016 UNESCO iliandika desturi ya palov katika orodha ya urithi wa wanadamu, na mimi sikushangaa, maana kule hakuna harusi wala kilio wala kuzaliwa kwa mutoto bila osh.

Tashkent, karibu na munara wa televizyo, kuko nyumba moja kubwa ambapo wanapika inje, mbele ya macho ya watu, katika masufuria ya chuma ambayo wanaita qozon. Sufuria moja mutoto anaweza kuogelea ndani. Wanachoma mafuta kwanza mpaka yatoe moshi. Wanatia vitunguu, kisha nyama ya kondoo, kisha karoti nyingi sana, za rangi ya manjano, zilizokatwa kwa kisu vipande virefu vyembamba. Wanaongeza maji, bizari, na vichwa vizima vya kitunguu saumu. Muchele unawekwa juu mwishoni, na hapo hakuna mutu wa kukoroga! Unaiva kwa mvuke, polepole, umefunikwa. Kwa kipimo cha zamani, kilo moja ya muchele inakwenda na kilo moja ya karoti na kilo moja ya nyama. Mama zetu wataona kwamba hiyo nyama ni mingi, na ni kweli.

Wenye kupika ni wanaume. Mama wa nyumba anapika osh ya jamaa yake, lakini ile ya watu mia mbili ao mia tano ni kazi ya oshpaz, baba mwenye mikono minene, na watu wanamuheshimu kama vile sisi tunaheshimu fundi wa mashine. Mababa wa kwetu ambao wanaona haya kushika mwiko, mufikiri kidogo.

Musafiri ajue jambo moja: osh ni chakula cha mchana. Ukifika saa tisa utakuta sufuria imekwisha kuoshwa. Jioni utakula vitu vingine: nyama ya kuchoma kwenye vyuma, karibu sawa na michopo yetu lakini mafuta yanapita, lagman, ni kusema tambi ndefu ndani ya supu, na somsa, ambayo ni dada ya sambusa, isipokuwa haikaangwi, inabandikwa ndani ya ukuta wa tanuri. Kula somsa ingali moto, na uangalie shati yako. Nilionja pia nyama ya farasi. Mimi nachagua kondoo.

Wakileta saladi na mukate mezani bila wewe kuomba, usifikiri ni zawadi. Vinahesabiwa. Restora nyingi zinaongeza tena kitu kwa kazi ya wahudumu. Uliza mbele, hakuna atakayekasirika. Hata neno la kuomba utalijua: hesabu wao wanasema hisob. Kitabu ni kitob, dunia ni dunyo, habari ni xabar. Na asante yao ni rahmat, neno la ukoo mumoja na rehema yetu. Nililisema mara mingi kwa siku, na kila mara lilinifurahisha.

Chai ni ya majani mabichi, haina sukari, na wanaikunywa katika kibakuli kidogo kisicho na mukono. Mwenyeji anamimina, anarudisha ndani ya birika, mara tatu, ndipo anakupa. Anakutilia kidogo tu. Mara ya kwanza mugeni wa kwetu angesema huyu ni muchoyo. Sivyo. Anakutilia kidogo ili akutilie tena na tena, na chai isipoe mukononi mwako. Kikombe kilichojaa mpaka juu, wazee wanasema, ni njia ya kumwambia mugeni aende zake.

Sasa mukate, ambao wanauita non. Ni wa duara, katikati umetobolewa-tobolewa kwa kifaa cha misumari ili usivimbe, pembeni mwake ni munene. Hawaukati kwa kisu. Mutu anaumega kwa mikono na kuwagawia wote. Hawauweki kifudifudi. Kipande kikianguka chini, wanakiokota na kukiweka mahali pa juu, ndege wakikute.

Ndugu aliyetuongoza (nilimwita aka, ni kusema yaya) alituelezea desturi moja pale mezani. Kijana akienda safari ya mbali ao jeshini, mama yake anamupa mukate mzima, kijana anauma mara moja tu. Mukate unaobaki unatunzwa ndani ya nyumba mpaka siku atakaporudi aumalize. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa miaka. Pale niliacha kula. Niliwaza kijana wetu mukubwa aliyekwenda Kolwezi kwenye machimbo, na vile alivyoondoka asubuhi mapema, bila kunywa hata chai.

Chakula kikiisha, muzee wa meza anafungua mikono mbele yake, wote wanafanya vile, anasema maneno machache, kisha wanapitisha mikono usoni na kusema omin. Hilo halikuhitaji mufasiri.

Samarkand, katika soko la Siyob, nilinunua mikate miwili. Ya muji huo ni mizito, na inakaa siku mingi bila kuharibika. Ilipofika Lubumbashi ilikuwa migumu kama ubao. Mama wa nyumba aliinyunyizia maji, kama nilivyofundishwa, akaipasha juu ya mbabula, na watoto waliula mumoja wote na chai. Wa pili mama aliufunga katika kitambaa, akauweka juu ya kabati. Kijana hajarudi bado, na hakuna mutoto aliyeugusa.